Kitabu cha Sanduku la Chumvi

Jiko la Mama Françoise lilikuwa na sheria tatu. Mbili ni za kawaida: mikono inaoshwa kabla ya kugusa unga, na mteja hanuniwi hata akiwa mpumbavu. Ya tatu huikuti kwingine Bunia nzima, wala Kongo nzima. Kitabu kinachosomwa hakitoki jikoni. Kikifungwa kinalala ndani ya sanduku la mbao la chumvi, lenye kufuli, na hakuna anayekifungua peke yake ili aende mbele ya wenzake, hata msomaji mwenyewe.

Msomaji alikuwa Honorine. Huko kwao upande wa Djugu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kabla ya kukimbia na watoto wawili na sufuria moja. Alipofika Bunia, miaka minne iliyopita, aliomba kazi ya kumenya mihogo kwa Mama Françoise, akamenya vibaya mno, nusu ya muhogo ikienda na ganda, mpaka mama huyo akamnyang'anya kisu na kumuuliza ni kitu gani kingine anachokijua. Honorine akajibu kwamba anajua kusoma Kifaransa na kukifasiri kwa Kiswahili papo hapo. Basi tangu siku ile, kila asubuhi saa mbili hadi saa nne, wanawake sita wakichagua maharagi na kuchambua sombe, majani ya muhogo, yeye alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akawasomea. Kutwanga kulingoja baadaye, maana kinu na hadithi havisikilizani.

Sheria ya sanduku ilikuja kwa kosa lake mwenyewe. Juma la kwanza alikwenda na kitabu nyumbani, akakimaliza, akamdokezea Joëlle, mmoja wa wale sita, mwisho wake sokoni, na Joëlle hana kifua cha kuweka neno. Kesho yake jiko zima lilijua nani anamuoa nani, isipokuwa Mama Françoise. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alisema kwamba kitabu ni chungu cha wote, na chungu cha wote hakionjwi na mmoja nyuma ya mlango.

Vitabu vyenyewe vilitoka kwenye boksi aliloliacha daktari mmoja mgeni wa hospitali ya Nyankunde aliporudi kwao, na kwa jinsi vilivyokuwa, daktari huyo alipenda mambo mawili tu duniani, kula na kutoroka. Nusu ya boksi walikuwa wapishi wa mikahawa mikubwa ya Ulaya wakisimulia maisha yao. Nusu ya pili zilikuwa hadithi za watu wanaoacha kazi zao na kwenda kuishi mahali pasipo na shida.

Wapishi waliwachekesha. Mmoja alijisifu kwamba mchuzi wake mmoja huiva kwa siku tatu, na Joëlle akataka kujua nani alikuwa ananunua mkaa wa siku tatu. Mwingine alilia kurasa nne nzima kwa sababu mkubwa wake alitupa sahani yake chini mbele ya watu. Wanawake walinyamaza wakingoja waone nani amekufa. Hakufa mtu. Honorine, kwa upande wake, hakuwapenda wapishi hao hata kidogo. Aliona kila mmoja anaungama makosa madogo ili ayafunike makubwa: anakubali kwamba alikunywa sana, anakubali kwamba alipiga kelele, lakini hasemi lolote juu ya yule aliyekuwa anaosha vyombo.

Hadithi za kutoroka zilikuwa jambo lingine. Ungedhani wanawake waliokimbia makwao mara mbili, mara tatu, wangezichukia. Waliziabudu. Mtu anaondoka nyumbani mchana, amevaa viatu vyote viwili, na hakuna anayemfukuza: hilo peke yake liliwafanya wasahau maharagi mapajani. Waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanamke wa posta aliyehamia kisiwa chenye mbuzi wengi kuliko watu, akampenda mtengeneza saa ambaye hakusema zaidi ya maneno kumi kwa siku. Mwishoni mwa kitabu mtengeneza saa anapanda meli na haandiki barua hata moja. Honorine alipoufikia ukurasa huo alitazama nyuso zile sita, akakosa nguvu. Akasema kwamba meli ilirudi. Akasema kwamba mtu yule alishuka na saa ya ukutani chini ya kwapa, na harusi ikafanywa, na mbuzi wakaliwa. Jiko lilipiga vigelegele mpaka wateja wakaja kuchungulia. Uongo ule ulimkaa vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana uongo unaomkaa mtu vizuri humtafuta tena.

Sasa tuje kwa Xavier. Zamani, kabla ya vita ya mwaka 2003, mkahawa ule ulikuwa wa Madame Léonie, na Françoise alikuwa mpishi wake. Vita ilipoingia mjini, Madame alikimbia kwa gari hadi Uganda na baadaye Ubelgiji. Françoise alibaki na funguo na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo, Orly, alikufa kwa kuhara juma la tatu la vita, kwenye kambi karibu na uwanja wa ndege, na mama yake hakulitaja jina lake mbele za watu tena. Alirudi kwenye mkahawa uliochomwa paa, akapika chini ya turubai, akaezeka bati moja baada ya jingine. Miaka zaidi ya ishirini. Madame aliwahi kutuma salamu mara mbili, kisha kimya. Mwaka jana habari ikaja kwamba amefariki huko Liège. Na mwezi wa tano akaja Xavier, mtoto wa dada yake Madame, kutoka Kisangani, na karatasi inayosema kwamba yeye ndiye mrithi, na mdomo unaosema kwamba Françoise aliruka ukuta baada ya vita akajimilikisha cha watu.

Alitaka kubomoa na kujenga ghala la bia. Françoise hakuwa na karatasi yoyote. Madame alimwachia nyumba kwa mdomo, getini, risasi zikilia mbali, na waliosikia siku ile wote walikuwa wamekufa au wametawanyika. Mzee Kamate, mkuu wa mtaa, hakupenda kumfukuza, lakini hakuweza kuishinda karatasi kwa huruma. Akawapa hadi Jumapili. Françoise alete shahidi. Asipomleta, Jumatatu afungashe.

Jumatano ya juma lile mtawa mmoja aliyetoka Ubelgiji alipita na bahasha. Ndani mlikuwa na kitabu. Madame Léonie alikuwa ameandika maisha yake kabla ya kufa, rafiki zake wakakichapisha, na juu ya bahasha yaliandikwa maneno mawili tu, Restaurant, Bunia. Jalada lilikuwa na picha ya geti lilelile la chuma ambalo juu yake Joëlle huanika matambara. Wanawake walikipokea kama mgeni wa harusi.

Walikisoma Alhamisi na Ijumaa, na kila sura Françoise alikuwemo. Alikuwemo akiwa na miaka thelathini na kitu, akikagua matamvua ya samaki wa ziwani Kasenyi kabla hawajashushwa, akimfukuza afisa mlevi kwa mwiko. Mama Françoise alisikiliza akiwa ameweka mikono juu ya magoti. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta. Ijumaa mchana alivaa kikwembe, kitenge chake cha kanisani, akaenda kwa Mzee Kamate, akamwambia kwamba shahidi amepatikana, yumo ndani ya kitabu, na Jumapili saa tisa aje na Xavier wasikilize sura ya vita ikisomwa.

Kabla hajatoka, Honorine alikuwa amejaribu kumzuia. Alimwambia wasome kwanza wenyewe mpaka mwisho, wajue kuna nini. Mama Françoise alimtazama kwa mshangao.

"Tukisoma mbele, Xavier atasema tulipika," alisema. "Kitabu ifunguliwe mbele ya wote. Weye mwenyewe ulitufundisha kama yenye iliandikwa haisemake uongo. Acha iseme."

Ni kweli, Honorine alizoea kusema hivyo, kwa sauti yake ya darasani. Lakini aliwajua waandishi wa mikahawa. Alikuwa amewasoma kumi na wawili, na hakumwamini hata mmoja kwa kijiko cha chumvi. Alibaki jikoni peke yake. Wenzake walikuwa wamekwenda sokoni, na Mama Françoise, kwa haraka ya kwenda kwa mkuu wa mtaa, alikuwa amesahau funguo kwenye kufuli la sanduku.

Alikifungua.

Sura ya tisa, ile ya vita, ilikwenda vizuri kwa kurasa chache. Milio ya bunduki upande wa mtaa wa Mudzi Pela, watu wakipita barabarani na magodoro kichwani, Madame akipakia gari. Kisha, ukurasa wa mia na arobaini na tatu, Honorine alisoma hivi: Françoise alipigwa risasi getini. Niliisikia risasi, na nilipogeuka niliona kikwembe chake cha njano kimelala kwenye vumbi. Hivyo ndivyo nilivyompoteza mtu aliyekuwa mkono wangu wa kuume. Chini yake palikuwa peupe, kama mahali sura inapokwisha.

Alisoma mara mbili. Alisikia kandambili za Joëlle zikija uani, na kabla akili yake haijasema lolote, vidole vyake vilikwisha kuvuta. Ukurasa ulitoka na sauti ndogo. Aliukunja mara nne, akausukuma ndani ya Biblia yake, akarudisha kitabu kwenye chumvi. Joëlle alipoingia alimkuta anachagua maharagi, kazi ambayo hakuwahi kuifanya kwa hiari yake.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Mwanzoni aliogopa jambo moja tu, kwamba kitabu kingemzika Mama Françoise mbele ya mkuu wa mtaa. Shahidi waliyemwita kwa kelele zote hizi angesimama aseme kwamba mwenye kesi ni marehemu. Lakini kufikia Ijumaa jioni hofu nyingine iliingia, na hii Honorine aliionea aibu tangu ilipoingia. Je, kama kitabu ni kweli? Yeye alikuwa amekaa pale miaka minne tu. Alijua nini juu ya mwaka 2003? Mwanamke mmoja anaweza kufa getini, na mwingine akaokota funguo na jina. Vita ile iliwageuza watu wengi kuliko hivyo. Akajikuta anamtazama Mama Françoise anavyokagua matamvua, akijiuliza kama ni mkono uleule wa kitabuni au ni mkono uliojifunza.

"Juu ya nini unaniangalia hivi?" Mama Françoise alimuuliza mara moja, bila kuinua kichwa.

"Hapana kitu, Mama."

Mama Françoise aliosha samaki, akamtia ndimu, akafunika.

Jumapili baada ya ibada wanawake walifagia, wakapanga viti uani. Mzee Kamate alikuja na daftari lake na mkoba wa mhuri. Xavier alikuja na viatu vyeupe na adabu nyingi, akamsalimia kila mtu kwa mkono, akaomba jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulikataa: Honorine asome kila sentensi kwa Kifaransa kwanza, kisha aifasiri, ili asiyejua asidanganywe na anayejua asikilize. Mzee Kamate alikubali. Honorine akahisi ulimi umekuwa mzito kama ugali wa jana.

Alisoma. Milio, magodoro, gari. Mama Françoise alikuwa amefumba macho, midomo ikienda polepole, kwa sababu siku ile alikuwemo na aliijua kuliko mwandishi. Mwisho wa ukurasa wa mia na arobaini na mbili Madame alikuwa ameshika mlango wa gari na kumwita Françoise aje getini. Honorine alivuta pumzi, akaruka, akaendelea na sura ya kumi, Madame akiwa Kampala, akitafuta chumba cha kupanga.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Xavier aliinua kidole, akauliza kwa upole Madame alifikaje Kampala kabla gari halijawashwa. Akaomba kitabu. Akakipindua karibu na uso wa Mzee Kamate, akaonyesha namba, 142 kisha 145.

"Chef wa mtaa, angalia. Cent quarante-deux, halafu cent quarante-cinq. Wamekata."

Mzee Kamate alipitisha ukucha kwenye mshono. Ulikuwa mpya, mweupe, wenye nyuzi. Alimtazama Mama Françoise kwa huzuni ya mtu aliyetaka kusaidia na sasa ananyimwa njia, akamuuliza nani anashika funguo za sanduku. Mama Françoise alifumbua macho. Alisema kwamba ni yeye, peke yake, na kwamba hajui kilichotokea. Xavier hakucheka. Alitingisha kichwa tu, akasema kwamba mtu hakati ukurasa unaomtetea. Na maneno hayo, lazima tuseme haki, yalikuwa na akili.

Honorine aliwaona wenzake wakimtazama Mama Françoise. Joëlle pia. Lile jicho alilijua, maana yeye mwenyewe alikuwa nalo tangu juzi: jicho la kupima. Siku mbili alikuwa amelificha kama deni, na sasa lilikuwa kwenye nyuso zote uani. Alisimama.

"Ni miye nilikata," alisema. "Mama hajue kitu. Niliona sanduku iko wazi vendredi, Ijumaa ile, nikasoma peke yangu, nikaogopa."

Alitoa Biblia kwenye mfuko, akaukunjua ule ukurasa, na kwa kuwa hakuna lingine la kufanya, akausoma. Kifaransa kwanza. Xavier alianza kusimama kabla ya Kiswahili. Kiswahili kilipokuja, risasi, kikwembe cha njano, vumbi, mwanamke mmoja alishika mdomo.

"Basi imeisha," Xavier alisema. "Tantine Léonie mwenyewe aliandika. Françoise alikufa. Sasa huyu mama ni nani?"

Mama Françoise aliitazama mikono yake, upande wa juu, kisha viganja, kama mtu aliyepewa kitu akishike na hajui ni cha nani. Honorine alitamani ardhi immeze. Alikuwa ameuficha ukurasa ili amwokoe, na kwa kuuficha ameufanya uwe mbaya mara mbili, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mzee Kamate ndiye peke yake ambaye hakuonekana kushtuka. Miaka kumi na tisa alikuwa anashika karatasi za watu: hati za viwanja, vyeti vya ndoa, barua za kuomba msamaha. Alijua kwamba mwenye haraka husoma mbele, na mhuri kwa kawaida hukaa nyuma.

"Geuza," alimwambia Honorine.

Hakuelewa. Mzee Kamate akafanya ishara kwa mkono. Hapo ndipo Honorine alipokumbuka kwamba ukurasa una pande mbili, jambo alilowafundisha watoto wa miaka sita, na siku mbili zote hakuwa ameugeuza. Akageuza. Upande wa nyuma ulikuwa umejaa maandishi mpaka chini.

Alisoma, na sauti yake ya darasani ilimwacha katikati ya sentensi ya kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia dada yangu, Madame Léonie alikuwa ameandika, na padri, na ofisi ya wakimbizi. Nimeisema mara nyingi hata nimeanza kuisikia ile risasi. Hapakuwa na risasi getini. Françoise alikuwa amesimama mzima, mtoto wake mgongoni, akingoja nimwambie apande. Nafasi haikuwepo kwa sababu kiti cha nyuma nilikuwa nimekijaza sahani zangu za kaure. Nilimtia funguo mkononi, nikamwambia abaki, apike, na kila atakachokipata kiwe chake mpaka nirudi. Nilijua sitarudi. Aliyekufa unamlilia mwaka mmoja kisha unapumzika, lakini anayekungoja hakuachi ulale. Ndiyo maana nilimuua. Sahani zilivunjika karibu zote kabla ya mpaka. Kama Françoise yuko hai, nyumba ile ni yake. Kama hayuko, ni ya mtoto wake.

Xavier alikuwa wa kwanza kuzungumza. Alisema kwamba kitabu si hati, na mwandishi aliyekiri kwamba anadanganya hawezi kuaminiwa upande mmoja wa karatasi. Mzee Kamate alimjibu taratibu kwamba dakika tano zilizopita upande wa mbele ulimtosha kabisa kumzika mtu, na samaki haliwi upande mmoja. Kama ana kesi, mahakama iko mjini na njia anaijua. Ila hapa kwenye mtaa wake Jumatatu hakuna atakayefungasha. Akafungua mkoba, akaandika mistari sita kwenye daftari, akapiga mhuri. Xavier aliondoka na viatu vyake vyeupe bila kuaga kwa mkono.

Wanawake walikuwa tayari kupiga vigelegele. Vilikuwa kooni. Lakini Mama Françoise hakuwa na uso wa vigelegele, wakavimeza.

"Soma tena pale pa sahani," alisema.

Honorine alisoma tena, Kiswahili tu.

"Miye ndo nilifunga zile sahani," Mama Françoise alisema. "Moja moja, na magazeti. Orly analia ku mugongo, nafunga. Nilizani ni kusudi zisivunjike tukiwa mu njia sote."

Joëlle alianza kulia kwa sauti. Mama Françoise alimwachia alie kidogo, kisha akamgeukia Honorine, na Honorine alijua kwamba zamu yake imefika. Alipiga magoti, akasema kwamba aliogopa, kwamba alitaka kumwokoa, kwamba anaomba msamaha.

"Kukata, nitakusamehe," Mama Françoise alisema. "Mutu akiogopa anafanya mambo ya bule. Lakini tangu vendredi unaniangalia kama mutu mwenye alikufa. Miaka ine unakula mu sufuria yangu, Honorine. Haukuniuliza hata neno moja. Uliuliza karatasi, na karatasi yenyewe haukuigeuza."

Honorine aliinamisha kichwa na kulia kimyakimya, kilio cha aibu, ambacho hakitulizi mtu.

Ndipo Joëlle, pua ikiwa bado na maji, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Yule mwenye saa, wa kisiwa cha mbuzi. Alirudi kweli?

Nyuso zote zikamgeukia msomaji. Honorine aliona harusi ile, saa chini ya kwapa, vigelegele, na akaona kwamba akiiacha isimame leo hatamsomea mtu tena maisha yake yote.

"Hapana," alisema. "Hakurudi. Nilitunga."

Walitawanyika. Jumatatu asubuhi Honorine alifika mapema, akachukua kisu na beseni la mihogo, akakaa chini kule mwisho, mbali na dirisha. Alikuwa amekwisha kuharibu mihogo mitatu Mama Françoise alipofungua sanduku la chumvi. Hakutoa kitabu cha Madame Léonie. Alitoa kile cha kisiwa, akakipangusa chumvi kwa kikwembe, akamwekea mapajani juu ya maganda.

"Mwisho," alisema. "Vile iko."

Honorine alirudi kwenye kiti chake. Alisoma ukurasa wa mwisho kama ulivyoandikwa, hakuongeza neno wala hakupaka asali. Asubuhi ya ukungu. Mtengeneza saa anapanda meli na kisanduku chake cha vifaa. Mwanamke wa posta amesimama na mbuzi wake mmoja mpaka moshi unapotea, na miaka inapita, na barua anazigawa za watu wengine. Basi. Wanawake hawakulia. Walikuwa wametulia, mikono imo ndani ya maharagi, kama watu waliosikia habari ya jirani wanayemjua.

"Na mu ile meli," Mama Françoise aliuliza, "nafasi ya wawili ilikuwa?"

Honorine aliutazama ukurasa. Aliugeuza, akatazama na upande wa pili, ambao ulikuwa mweupe mtupu.

"Haikuandikwa, Mama."

"Basi ilikuwa," alisema Mama Françoise, akachota chumvi kwenye sanduku, akaenda kuitia kwenye maharagi.